Seva Iliyomwamini Kila Mtu

Mie kinyaa kimenikaa karibu. Nikiona unywele kwenye maji ya kunawa, chakula cha siku hiyo basi tena. Mume wangu hunicheka, anasema nilipaswa kuolewa ikulu nikakosea njia. Sasa mtu mwenye kinyaa hiki ndiye aliyejichagulia kazi ya kufungua kompyuta za watu, na kompyuta za watu, wallahi, zina mambo. Nimeshakuta mende wanalea familia ndani ya pawasaplai, lile boksi la umeme. Nimeshakuta kipande cha mshikaki nyuma ya feni, kimekauka mpaka kimekuwa mti. Vyote hivyo nilivipiga brashi, nikatema mate, nikaendelea na kazi. Nilichokikuta kwenye zahanati moja ya binafsi kule Temeke hakikuwa cha kupigwa brashi.

Ilikuwa Jumatatu. Nipo nyumbani Madale, sijamaliza hata chai, simu ikaita. Ni mpokezi wa zahanati hiyo, sauti juu juu.

"Dada, mfumo umegoma. Kila kompyuta tukiweka paswedi inakataa. Wagonjwa wamejaa, daktari anafoka. Njoo basi, tafadhali."

Nilikuwa sijawahi kuwafanyia kazi. Fundi aliyewafungia mfumo alishahamia mkoani na simu zao hapokei, kwa hiyo walinipata kwa mtu anayenifahamu. Kutoka Madale hadi Temeke ni kuukata mji mzima, na nilipofika jua lilishakuwa kali na mie mwenyewe nilishapata moto.

Alinipokea mwenye zahanati, daktari, mzee wa makamo ya baba yangu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwapani. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku anachungulia nyuma yangu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mie."

"Aa," akasema. "Haya, karibu."

Ile "aa" naijua. Nimeisikia kwenye maofisi ya mji huu kuanzia nilipokuwa mwembamba hadi leo. Nikaweka begi langu kwenye meza ya mapokezi.

Pale nje wagonjwa walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, watoto wanalia, bibi mmoja kajifunika khanga kichwani anatetemeka homa. Katikati yao alikaa binti ambaye hakuwa mgonjwa. Alivaa koti jeupe la kazini, mikono kaiweka mapajani, anatazama sakafu. Wenzake wanapita mbele yake na mafaili, hakuna anayemsemesha. Nikajiuliza huyu vipi, kazi zote hizi naye kakaa. Nikaachana naye, nikaishika kompyuta ya mapokezi.

Mpokezi akaandika mbele yangu. Ikakataa. Akaandika tena pole pole, akitamka kila herufi kwa midomo. Ikakataa, na ujumbe ulikuwa ule ule, kwamba paswedi ya mtumiaji huyu si sahihi. Nikatazama jina lililoandikwa juu. Halikuwa la mpokezi, maana lake nilikuwa nimelisoma kwenye beji kifuani kwake.

"Hili jina la nani?"

Akamtazama muuguzi aliyesimama mlangoni. Muuguzi akatazama dari.

"La dada wa maabara," akasema mpokezi. "Tunatumiaga la kwake."

"Nani anatumiaga?"

"Sie wote."

"Na majina yenu?"

"Mie paswedi yangu niliisahau tangu siku tuliyofungiwa mfumo," muuguzi akadakia. "Ya dada fupi, haina shida. Ukimwomba anakupa."

Nikaelewa mambo yalivyokuwa. Pale kumwomba mtu paswedi kulikuwa sawa na kumwomba chumvi. Unapita, unasema nipatie ile yako mara moja, unapewa. Na nani angekataa? Ukikataa unaambiwa unaringa, una roho mbaya, kwani hiyo ya benki? Nimeiona tabia hii sehemu nyingi za mji huu. Watu wetu wana aibu ya kunyima. Mtu yuko tayari kukupa jina lake ukatembee nalo utakako, kuliko akuone umenuna jikoni saa ya chai. Binti wa maabara alikuwa wa kwanza kuajiriwa na wa kwanza kuujua mfumo, basi ikawa ndiye yeye, na kila kilichoandikwa katika zahanati ile, kiwe cha mapokezi, cha dawa au cha kliniki ya wajawazito, kiliandikwa kwa jina lake.

"Sasa nani kaibadilisha hiyo paswedi yake?"

"Mimi," daktari akasema nyuma yangu. "Nilimfungia Jumamosi. Ana kesi. Sikutaka aguse kitu."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. "Mzee, umemfungia mmoja ukaifunga zahanati nzima. Hata wewe umefungiwa?"

Akakohoa. "Nami huwa natumia ya kwake, mara moja moja."

Loh! Mwenye nyumba naye anaingia kwake kwa jina la mfanyakazi. Nikamuuliza ni kesi gani. Akaniambia hayo ni mambo ya ndani, mie nitengeneze mfumo, ikifika mchana kuna mtu anakuja na anataka kila kitu kiwe sawa. Nikamwambia nipelekeni kwenye seva.

Jamani. Ile seva, inayotunza habari za kila mgonjwa aliyewahi kupimwa pale, ilikuwa kwenye kichumba pembeni ya choo, na kwa kuwa seva inahitaji baridi, kichumba kile ndicho pekee chenye kiyoyozi. Na kwa kuwa kina kiyoyozi, ndicho walichokigeuza sehemu ya kulia, kupumzikia na kuchemshia chai. Nilifungua mlango nikapigwa na harufu ya samaki wa jana, spiriti na miguu. Chini kumetandikwa kitenge cha kulalia. Birika la umeme limechomekwa kwenye soketi moja na seva. Nikafungua friji, sijui nilitafuta nini, nikakuta hotpoti la wali limewekwa juu ya boksi la vichupa vya mkojo. Astaghafirullah! Nikalifunga friji na macho yangu pamoja nalo.

Kibodi sasa. Ilikuwa inang'aa kwa mafuta, herufi nyingine zimefutika kabisa. Niliigeuza nikaikung'uta, zikadondoka chembe za chapati na mwiba wa samaki, mwiba mzima. Nikaomba glavu na spiriti kwa muuguzi, nikaisugua huku nimebana pumzi. Sikuweza kuigusa kwa mikono mitupu, na siyaonei haya maneno hayo.

Paswedi zikikataa, jambo la kwanza ni kujua zinakataliwa wapi, kwenye kompyuta za nje tu, au hata ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe. Kwa hiyo nikaufungua mfumo palepale kwenye seva. Ukaleta orodha ya majina, la juu kabisa la dada wa maabara, tayari limejichagua. Paswedi yake mpya nilikuwa sijapewa. Nikaandika upuuzi kwa makusudi ili nione itanikatalia kwa maneno gani. Niliandika "mendemende".

Ikafunguka.

Nikadhani nimekosea kitu. Nikatoka, nikarudi, safari hii sehemu ya paswedi nikaiacha wazi. Ikafunguka. Nikachagua jina la muuguzi, nikabonyeza tu. Nikaingia. Nikachagua jina la daktari mwenyewe, mwenye uwezo wa kufuta na kubadilisha lolote. Nikaingia, na kioo cha kompyuta kikanikaribisha kwa heshima zote. Nilihisi kile ninachokihisi mtu akinipa glasi ya maji halafu nione imeshika mate ya mwenzie.

Seva za namna hii zina faili dogo lenye sheria za mlangoni. Linasema anayekuja kutoka kompyuta za nje aulizwe paswedi, na anayeingia akiwa amekaa kwenye seva yenyewe aulizwe hivi au vile. Nikalifungua. Kwa watu wa nje sheria ilikuwa sawa, ndiyo maana kule mapokezi ilikuwa inakataa. Kwa aliyekaa kwenye seva, fundi yule wa mwanzo alikuwa ameandika aaminiwe. Chochote atakachosema kuhusu jina lake, akubaliwe, asiulizwe. Najua kwa nini alifanya hivyo, maana mafundi wote tunakutana na hiyo ishu. Ukimaliza kufunga seva mpya mara nyingi inakukatalia wewe mwenyewe, kwa sababu jina ulilofungulia kompyuta silo jina inalolijua. Dawa yake ipo na si ngumu. Mvivu anaona tabu, anaung'oa mlango mzima ili apite. Na pembeni ya mstari ule alikuwa ameacha maelezo yake: "Kwa muda tu, nitarekebisha."

Nitarekebisha! Nikasonya kwa sauti, peke yangu mle ndani. Nikatafuta kumbukumbu za nani kaingia lini na kafanya nini, nikakuta nazo kazizima, eti zinajaza diski.

Muuguzi akaingia. "Samahani dada, nawasha birika."

"Washa. Hivi, huwa mnaingiza majibu ya wagonjwa humu humu?"

"Eeh, tena sana. Kule nje ukikosea paswedi inakuzungusha. Humu haisumbui, unabonyeza tu. Leo ndiyo daktari kakataza tusiiguse mpaka fundi aje."

"Jina unachagua?"

"La nini? Si linakuja lenyewe."

Alisema hivyo huku anapangusa kijiko kwenye koti lake la kazi. Mie nilinyanyuka nikatoka nje kuvuta hewa.

Nje, upande wa simtanki la maji, yule binti wa kwenye benchi, kumbe ndiye dada wa maabara, alikuwa amejisogeza kivulini. Akanisalimu, "Shikamoo dada." Ni mtu wa bara, kwa lafudhi yake, mpole, macho yamevimba. Nikamwambia marahaba, mie ndiye fundi wa mfumo, hebu niambie hiyo kesi yako, maana nimeambiwa ni ya ndani na mie niko ndani kuliko wote.

Akanieleza. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alikuja kliniki, amechoka, midomo myeupe. Binti akampima wingi wa damu, ikawa sita. Kwa mjamzito sita ni hatari, anapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo akaongezewe damu. Aliingiza sita kwenye mfumo, akamwambia yule mama arudi kwa daktari. Daktari alipofungua akaona kumi na mbili, damu nzuri kabisa, akampa vidonge akamrudisha nyumbani. Siku chache baadaye mama alianguka bafuni. Yeye waliwahi kumwokoa. Mtoto hawakumuwahi.

"Dada, niliandika sita," akasema. "Naapa kwa Mungu. Lakini kwenye mfumo ni kumi na mbili na jina ni langu."

"Daftari la maabara?"

"Mfumo ulipokuja daktari alisema daftari marufuku, tuende kisasa. Na kile kipimo cha mkononi hakitunzi majibu."

"Na huyo mama ulimwambia ni sita?"

"Hatusemi sisi majibu, anasema daktari. Ningejua, dada, ningemwambia." Akafuta pua kwa kiganja. "Mume wake anakuja leo mchana. Daktari ameshaandika barua kwa baraza linalotupa leseni. Akimsomea mume na akaituma, mie leseni ndiyo imekwenda. Na hata isingekwenda, nitatembeaje? Watasema ndiye aliyeua mtoto wa watu."

Nikamuuliza kama aliwahi kuwanyima paswedi yake. Akanishangaa. "Ningewanyimaje? Wenzangu wale."

Nilirudi ndani. Sikufika kwenye seva, daktari aliniita ofisini kwake, akafunga mlango taratibu, akanifungulia soda kwa mkono wake mwenyewe. Mtu aliyeniambia "aa" asubuhi sasa ananiita mwanangu.

"Mwanangu, umeona tatizo?"

Nikamweleza lote, kwa lugha nyepesi, mpaka na mendemende. Nikamwambia, "Mzee, jina la yule binti pale halithibitishi chochote. Yeyote aliyekunywa chai mle ndani anaweza kuwa ndiye. Pengine mtu alikuwa anaingiza majibu ya mgonjwa mwingine akakosea faili. Pengine ni kitu kibaya zaidi. Hatuwezi kujua."

Hakushtuka. Ndipo nilipoanza kumchukia, kwa vile hakushtuka. Alikuwa anajua kwamba mle ndani hakuulizwi kitu. Lazima ni mle alimobadilishia paswedi ya binti siku ya Jumamosi, kwa kubonyeza tu jina lake mwenyewe.

"Sikiliza," akasema, sauti ya chini, ya kubembeleza. "Wewe mtu mzima, unaelewa. Huyu bwana ana uchungu, anamtafuta mtu. Nikimwambia mfumo ulikuwa wazi anatubeba wote. Zahanati itafungwa, watoto wa watu hawa watakosa kazi. Kwa hiyo ziba hilo tundu kwanza. Ukishaliziba mfumo utakuwa unauliza paswedi, si ndiyo? Basi akija nitakuita, utamwambia kitaalamu kwamba mfumo unauliza paswedi. Hutakuwa umedanganya."

Nilimtazama. Kucha safi, shati safi, anaongea pole pole kama anayenisomea dozi. Mle kwenye kichumba nilikuwa nimeona mkojo na wali kwenye friji moja, na nikwambie kweli, havikunitia kinyaa alichonitia yule mzee.

"Na binti?"

"Yule bado kijana. Atapata kazi nyingine."

"Bila leseni?"

Akasogeza ile soda karibu yangu. Nikasimama.

"Mzee, mdomo huu ndio ninaoswalia. Siwezi."

"Basi tengeneza uondoke. Mengine niachie mwenyewe."

"Nitatengeneza. Lakini sizibi kitu kabla huyo bwana hajaja."

Sauti yake ikabadilika. Alisema atatafuta fundi mwingine, mwanaume mwenye akili. Nikamwambia amtafute, na akimpata amwambie avae glavu. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, ubavuni kwa yule binti aliyekuwa amesharudi pale, begi langu miguuni. Wagonjwa walikuwa wananilaumu kwa macho, na haki walikuwa nayo. Nikamwambia mpokezi awaandike kwenye karatasi wakati tunasubiri, wapate huduma. Akasema daktari hataki karatasi. Nikamwambia aandike, daktari ana mengine ya kutaka leo.

Mume alifika baada ya adhuhuri. Mtu wa mizigo bandarini, nilimjua kwa buti na mabega, macho mekundu ya mtu asiyelala. Hakumsalimia yeyote. Daktari akamwahi mlangoni, pole nyingi, karibu ofisini, na akamwita binti naye aingie. Niliwafuata. Mlango ulikuwa haujafungwa sawasawa, nikausukuma. Daktari alikuwa na ile barua mkononi ameshaanza kuisoma, na yule bwana alikuwa hasikilizi, anamtazama binti usoni tu.

"Kwa hiyo ndiye huyu," bwana akasema. "Jina lako nalijua. Siku zote hizi wodini nalirudia."

Nilishindwa kuvumilia.

"Braza, pole sana kwa msiba," nikasema. "Mie ni fundi wa mfumo wao, nimekuja leo, sina udugu na mtu humu. Kabla hujamhukumu huyu dada, njoo uone kitu. Ni hapo tu, chumba cha pili."

"Huyu ni mgeni wangu!" daktari akang'aka. "Dada, toka ofisini kwangu!"

Yule bwana alimtazama daktari, akanitazama mie, akasimama. Kwa mabega yale hakuna aliyemzuia.

Kwenye kichumba nikamkalisha mbele ya seva. Wote wakatufuata, daktari, binti, muuguzi, mpokezi, wakajaa mlangoni. Bwana akaangaza mle ndani, akaona kitenge, friji, vyombo vya chakula, akakunja pua. Nikamwambia achague jina lolote analotaka kwenye orodha ile. Akashuka na kidole hadi la daktari.

"Paswedi?" akauliza.

"Usiandike. Bonyeza tu."

Akabonyeza. Kioo kikamkaribisha kwa jina la daktari. Akageuka akamtazama daktari mwenyewe, akarudi kwenye kioo.

"Tafuta jina la mke wako."

Alilitafuta kwa kidole kimoja, polepole, mpaka likatokea. Ilikuwepo tarehe ya kliniki, ilikuwepo miezi ya mimba, ilikuwepo kumi na mbili, na chini yake jina la binti wa maabara.

"Hapa mie naweza kubadilisha?"

"Unaweza. Usiguse, lakini unaweza. Ukiweka ishirini itakubali, na itaandika ni daktari aliyeweka."

"Na aliyeweka hii kumi na mbili?"

"Alikaa hapo ulipokaa, au kule nje kwa paswedi ya huyu dada ambayo wote wanayo. Jina la dada linakuja lenyewe, hata usipolichagua. Yeye anasema aliandika sita."

"Niliandika sita," binti akasema nyuma.

Bwana akazungusha kiti. Akaanza na mpokezi. "Ni wewe?"

"Sio mie, kaka."

"Wewe?"

"Wallahi sio mie," akasema muuguzi. Halafu akaongeza, "Sidhani."

Hilo "sidhani" lilinipitia mwilini. Alikuwa anasema kweli. Alikuwa ameingiza mangapi mle ndani, chai mkono mmoja, kwa jina lisilo lake, angekumbukaje? Daktari yeye hakuulizwa.

"Ile barua," bwana akamwambia daktari. "Ya leseni yake."

"Haitakwenda," daktari akasema. Aliikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akaitia mfukoni. Tulikuwa mashahidi wote. Binti akashika fremu ya mlango akalia kwa sauti, na mpokezi akamshika mabega, mpokezi yule yule ambaye asubuhi alikuwa anampita pale kwenye benchi.

Mie nikadhani yameisha. Hata nikajipongeza kidogo moyoni, nakiri. Nikawa nafikiria kuuandika upya ule mstari wa fundi, kila mtu apate paswedi yake, nioshe mikono nirudi kwangu.

Bwana akanishika mkono. "Dada, wewe ndiye mtaalamu. Ni nani sasa?"

"Sijui, braza."

"Utajua lini?"

"Sitajua. Hakuna atakayejua. Kumbukumbu zilizimwa."

Akatikisa kichwa taratibu, akiwa bado anakitazama kile kioo chenye jina la mkewe.

"Kumbe rahisi hivi," akasema.

Kisha akainuka, akamwendea binti. Binti akarudi nyuma, akagonga friji lililokuwa kando ya mlango. Bwana hakuwa na hasira tena, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Dada, nisamehe. Nilikuja na jina lako, nimeliacha hapa," akamwambia. "Mke wangu ananisubiri wodini. Ataniuliza ni nani. Nimpelekee la nani?"

Akasubiri, kweli akasubiri, akitutazama usoni mmoja mmoja, na mie pia nikainamisha macho. Halafu akapita katikati yetu, akatoka.